Nilivyostaafu Kunusa Mbuta

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa mtu mwingine ukadhani niliuficha. Siku moja ya likizo ya Agosti, kwenye banda la samaki pale Muhuru Bay, nilimwinua mbuta wa mama mmoja, nikamnusa, nikabana pua kwa vidole viwili, nikazunguka naye mbele ya watu kama bibi harusi anayeonyeshwa kwa wakwe. Kisha nikatangaza: "Jamani, huyu si wa leo. Si wa jana. Huyu ni wa juzi!" Watu walicheka mpaka mpima mizani akasahau alikuwa amefika wapi. Na kwa kuwa kicheko kilikuwa kimeninogea, nikaongeza: "Na mwenyewe tumwite Mama Juzi." Jina likashika pale pale. Mbuta yule alikuwa ametoka majini asubuhi hiyo hiyo.

Otieno, haya nakuandikia wewe, binamu yangu, kwa sababu ndiwe uliyeachiwa kazi, na nyuma yako kuna wadogo wengine wenye pua. Mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani, soda na hotuba. Mimi nimestaafu nikiwa kidato cha pili na sikupewa hata soda, kwa hiyo hotuba najitolea mwenyewe. Mshahara sitauzungumzia, maana hata wakati ule haukuwa na la kusema. Cheo nilipanda mara moja tu, nikapanda juu ya kreti, na nilishuka nikiwa sina kazi.

Kazi nilipewa na baba yako, Anko Ojwang'. Wewe unamjua kama baba. Sisi wengine tunamjua kama wakala wa mbuta asiyeweza kunusa. Ugoro ulishaiua pua yake kitambo. Ungeweza kumwekea soksi ya golikipa wetu wa Suna chini ya pua akakuuliza chai itakuwa tayari lini. Sasa wakala wa samaki bila pua ni kama refa bila filimbi: anaonekana uwanjani, lakini nani atamsikia? Ufuo mzima ulijua, hata hakujificha. Akaja kwetu Suna likizo ya Aprili, akamwambia mama, "Shemeji, nipe huyo kijana. Najua anasikia nyama ya jirani ikikaangwa kabla jirani mwenyewe hajawasha moto." Mama akasema nichukuliwe, bora nirudishwe shule ikifunguliwa. Shule ilipofunguliwa nilirudishwa, lakini Jumamosi zangu zikabaki Muhuru.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe. Usirudie kosa hilo. Lori la barafu lilikuwa limeegeshwa kando ya banda, na mwenye lori, Bwana Salim, alikuwa amekaa kwenye ngazi yake akinywa kahawa. Bwana Salim ni mtu wa Mombasa, ana duka pale Suna, na Kiswahili chake kimenyooka hadi sisi tukiongea mbele yake tunajiona tunabomoa nyumba ya mtu. Yeye ndiye aliyechukua mbuta wetu kuwapeleka kiwandani. Nikainama juu ya samaki wangu wa kwanza, nikavuta hewa kwa nguvu zote.

"Ewe kijana," akaniita. "Nani kakufundisha kunusa? Mbwa?"

"Hapana, Bwana Salim."

"Basi usimwige. Ukivuta hivyo, samaki watatu tu pua itakufa ganzi, utabaki na pambo usoni. Msogelee kama unayemwangalia mgonjwa. Pumua kidogo. Ondoka. Kisha fikiri."

Huo ndio mwanzo na mwisho wa masomo yangu ya pua, na mpaka leo sijapata mwalimu bora zaidi, ingawa hakuwahi kuniuliza jina langu. Aliniita Ewe.

Vipimo ni vinne, na vifaa vyake umezaliwa navyo; ndimu tu ndiyo ya kuchuma. Cha kwanza ni jicho lako kwa jicho lake: jicho la mbuta liwe limetuna na linang'aa. Likiwa limezama kama la mwalimu wa zamu siku ya Ijumaa, mtilie shaka. Cha pili ni matamvua. Funua kile kifuniko cha shavu, ndani kuwe kwekundu kama bendera. Kukiwa na rangi ya chai ya maziwa, mrudishe. Cha tatu ni kidole gumba. Bonyeza mgongoni, shimo lijae lenyewe. Cha nne ni pua. Na katikati ya samaki na samaki, sugua mikono kwa nusu ndimu, la sivyo utakuwa unamhukumu huyu kwa makosa ya yule. Mimi nilitembea na ndimu mfukoni hata darasani, na dawati langu ndilo lililokuwa safi kuliko yote Suna.

Mwaka ule magugu maji yalikuwa yameziba ghuba. Ukitazama kutoka bandani ungedhani ni shamba la mboga, mpaka uone vichwa vya watu vikisukuma mtumbwi katikati yake. Mashua zilizozoea kufika jua likichomoza zikawa zinafika jua likiwa kali, samaki wamelala chini ya gunia lililokauka. Kwa hiyo kila mtu alimshuku kila mtu, na kazi ya pua ikawa kubwa. Na pua ikawa kubwa pia, hapo nakiri.

Ilianza na mzee mmoja aliyepaka matamvua damu. Nilifunua shavu, nikakuta wekundu wa kupendeza, lakini nikasikia harufu ambayo haijawahi kuishi majini. "Mzee," nikamwambia, "huyu mbuta alikuwa akiwika?" Damu ilikuwa ya kuku. Banda lilianguka kwa kicheko, mzee mwenyewe akacheka, akamchukua samaki wake akaenda kumuuza kwa wakaangaji. Tangu siku hiyo watu wakawa wanasogea karibu nikianza kunusa, wakisubiri nitasema nini. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulijue, Otieno: wakianza kusogea kusikia utasema nini, ujue hawapo kwa ajili ya samaki tena. Na wewe pia haupo.

Ndipo akaja Nyar Kosele. Jina lake la nyumbani sikulijua. Pale ufuoni mwanamke aliyeolewa tunamwita kwa kwao, na kwao ni Kosele. Alikuwa mama mpole, mrefu, kitambaa chake cha kichwa kimefuliwa mpaka maua yamefutika. Mumewe alimwachia mashua alipofariki, na wavuvi watatu walivua nayo kwa niaba yake. Alisimama karibu na samaki wake, mikono nyuma. Nikatazama jicho: zima. Matamvua: mekundu. Nikabonyeza: shimo likajaa. Nikapumua kidogo kama nilivyofundishwa, nikapigwa na ile harufu ya mbuta aliyelala juani. Vitatu vilisema mzima, kimoja kikasema mbovu. Na mimi kazi yangu ilikuwa hicho kimoja.

"Nyathina," akaniambia kwa sauti ya chini, yaani mwanangu. "Samaki muache. Hiyo harufu si yake."

Sauti ya chini, Otieno. Watu hawakumsikia. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikageuka: "Mmesikia? Anasema harufu si ya samaki! Basi ni ya nani, ya ziwa?" Ndipo nikambeba yule mbuta na kufanya maonyesho niliyokwisha kukiri. Nyar Kosele alimtia samaki wake kwenye karai, akajitwika, akaondoka, na hakuwa na haraka. Aliyekuwa na haraka ni mimi, nilikuwa nataka samaki mwingine nipate kuendelea kuchekesha.

Alirudi siku iliyofuata, na ile nyingine. Kila mara pua ikasema mbovu, nami nikamrudisha. Jina likanitangulia: watoto wakaliimba, wakaangaji wakaliita, mpaka wakala wa upande wa pili ambaye hajawahi kunusa samaki wake akamkataa kwa kulisikia tu.

Nilipoenda nyumbani Suna nilimsimulia mama nikiwa na mdomo uliojaa ugali. Niliigiza hata nilivyozunguka na samaki. Mama hakucheka.

"Huyo mama anaitwa nani?"

"Mama Juzi."

"Nimekuuliza anaitwa nani."

"Nyar Kosele."

Mama akaweka mwiko chini. Nawe unajua mama yangu naye kwao ni Kosele. Kwetu, mwanamke aliyetoka kwa kina mama yako ni mama yako mdogo, hata kama hamjawahi kuonana. "Basi huyo ni mamako," akasema, akauchukua mwiko akaendelea kusonga ugali wa wengine. Heri angenichapa.

Kabla Agosti haijaisha mambo mawili yalitokea. La kwanza, Nyar Kosele alipata homa, akawatuma wavuvi wake walete samaki wenyewe. Nikanusa. Safi kama maji ya kunawa. Nikanusa tena, safi. Nikajiambia leo wamejitahidi. La pili lilikuwa siku chache baadaye. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha chai, mbali na banda, hakuna samaki wala mwiba wa samaki, nina mandazi mkononi, nikasikia ile harufu. Ile ile ya juzi. Nikageuka nikamkuta Nyar Kosele nyuma yangu akinunua sabuni. Vipande viwili, kimoja cha kufulia na kimoja cha kuogea. Alipoona nimegeuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, namna mtu anavyokupisha upite na mzigo. Nikakumbuka: kanisani hukaa mwisho wa benchi la mlangoni. Bandani husimama upande upepo unakokwenda, ili uichukue harufu isifike kwa watu. Huoga ziwani kabla ya mtu yeyote kuamka, mpaka watu husema huyu mama ni samaki.

Hiyo harufu si yake. Alikuwa ameniambia. Alikuwa amenitolea siri yake nzima, mimi mtoto wa watu, ili tu samaki wake apite. Na mimi nikaipigia kelele.

Mandazi sikuyamaliza.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Nyamohanga, ni Mkuria mkimya mwenye koti moja na subira nyingi. Siku moja alipitisha chupa ya amonia darasani tunuse. Wenzangu wakavuta kama mbwa, wakakohoa mpaka machozi. Mimi nikapumua kidogo, nikaondoka, nikafikiri. Mwalimu akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza.

"Amonia ina ndugu," akasema. "Ukiiondolea hidrojeni zake tatu na kuweka vikundi vitatu vya methili, unapata trimethilamini. Hiyo ndiyo harufu ya samaki aliyeanza kuoza."

"Mwalimu, huyo namjua," nikasema. "Tunafanya kazi pamoja Jumamosi."

Darasa likacheka. Lakini baada ya kipindi nilibaki nikamsaidia kuosha chupa, kitu ambacho sijawahi kufanya, hivyo akajua nina shida.

"Mwalimu, hiyo trimeth... inaweza kutoka kwa mtu? Mtu mzima, msafi, anayeoga?"

Hakucheka. Alikausha mikono, akatoa kwenye kabati kitabu kinene cha chuo kikuu kilichoachwa na jalada, akakifungua akitafuta. Nitakuelezea alivyonieleza, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya hotuba hii isiyotoka kichwani mwangu. Kwenye nyama na maziwa kuna kitu kinaitwa karnitini. Mwili unakihitaji. Lakini kile kinachobaki tumboni huliwa na bakteria, nao wakikivunja hutoa trimethilamini, ile ile ya kwangu ya Jumamosi. Kwenye mayai, maharagwe na maini kuna kingine kinachovunjika hivyo hivyo. Samaki naye huja na cha kwake, kilekile kinachomnukisha akifa. Kwa hiyo matumboni mwetu sote kuna samaki wa juzi.

"Sote?" nikauliza.

"Hata wewe. Hata mimi. Tofauti ni ini. Ini ni kama kizuizi cha barabarani chenye askari: kila trimethilamini inayopita inasimamishwa, inabadilishwa kuwa kitu kisicho na harufu, inaruhusiwa kwenda. Kuna watu wachache wanaozaliwa ini lao halina huyo askari. Basi inapita kama ilivyo. Inatoka kwenye jasho, kwenye pumzi, kwenye mkojo."

"Akioga?"

"Ataosha iliyotoka. Iliyo njiani sabuni haifiki. Si uchafu, wewe. Na si laana, maana najua watu wa huku watasema hivyo."

Nikafikiria zile sabuni mbili.

"Na kama anakaa ziwani? Anakula samaki mchana na jioni?"

Mwalimu alifunga kitabu polepole. "Basi chakula chake ndicho kinachomsema." Akanieleza apunguze nini, na kwamba kitu chenye uchachu kidogo huikamata ile harufu ngozini ikawa chumvi isiyoruka hewani, ndiyo maana wapishi hupaka samaki ndimu. "Maji ya kuoga ayatie kidogo tu, asijiunguze. Lakini sikiliza. Mimi ni mwalimu, si daktari. Aende hospitali Homa Bay, wamwangalie wao. Na usimwambie yeyote jina lake, hata mimi usiniambie."

Sikumwambia. Lakini kichwani nilikuwa nimeshapanga. Jumamosi iliyofuata nilifika bandani na kamba. Nikaifunga kutoka nguzo hadi nguzo, nikatangaza sheria mpya: samaki wapangwe huku, wenye samaki wasimame kule ng'ambo ya kamba, upande upepo unakokwenda.

"Kwani sisi ni ng'ombe?" akauliza mama mmoja.

"Mnanipigia kelele puani," nikajibu. "Pua inataka utulivu kama mtihani wa taifa."

"Yawa, huyu mtoto amekuwa mheshimiwa!"

Wakanung'unika wakavuka kamba. Nilijiona mjanja kweli. Bila kumtaja mtu nilikuwa nimemnusuru. Na kulikuwa na sababu ya haraka, maana wavuvi watatu wa Nyar Kosele walikuwa wamemwambia wazi: samaki wa leo wakirudi tena, Jumatatu wanahamia mashua ya mtu mwingine. Mashua bila watu ni ubao wa kukaushia dagaa wa omena. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, na alikuja. Akawapanga samaki wake, akaenda akasimama mwisho wa kamba, mbali na wenzake.

Nilifika kwa mbuta wake. Jicho, matamvua, kidole, pua. Vyote vinne vikakubaliana. "Huyu ndani!" nikaita. "Na huyu. Na huyu. Ndani!"

Wapagazi wakashika makreti. Bwana Salim akashuka kwenye ngazi yake.

"Hawa wa nani?"

Mtu nyuma akasema, "Wa Mama Juzi."

"Washusheni," akasema Bwana Salim.

"Bwana Salim, ni wazima! Nimenusa!"

"Ewe, ndiwe uliyeniambia ni wabovu Agosti nzima. Kiwanda kikikuta kreti moja mbovu kinarudisha lori zima, na mimi sitasema nilidanganywa na mtoto. Jina hilo halipandi lori langu."

Hapo ndipo kamba yangu ilipokosa maana. Nilikuwa nimefunga watu nyuma yake, lakini jina lilipita chini. Nikawatazama wale wavuvi watatu. Mmoja alikuwa tayari amevaa kofia, anaondoka. Nyar Kosele alikuwa ameshaanza kukunja gunia lake. Baba yako alikuwa amesimama kando ananitazama, na uso wake ulisema: nyamaza, Jumamosi itapita.

Nikageuza kreti tupu, nikapanda juu. Watu wakasogea. Walikuja kucheka, na mimi nilikuwa nimewazoesha hivyo, kwa hiyo wengine walianza kabla sijafungua mdomo.

"Nataka kusema jambo," nikasema.

"Sema, mheshimiwa!"

"Agosti nilisema samaki wa Nyar Kosele ni wa juzi. Walikuwa wa siku hiyo hiyo. Jicho lilikuwa zima, matamvua yalikuwa mekundu, shimo lilijaa. Niliona kwa macho yangu. Nikasikiliza pua peke yake kwa sababu mlikuwa mnacheka. Pua yangu ilikosea. Wote niliowarudisha walikuwa wazima."

Mzee wa damu ya kuku akainua fimbo. "Kumbe! Na mbuta yangu?"

"Yako ilikuwa imeoza, mzee."

"Unajuaje? Si pua imekosea?"

"Na zangu za mwezi wa saba?" akauliza mwingine. "Zile ulizosema zinatembea zenyewe?"

"Na mimi je? Ulisema ngege wangu amefariki mara mbili!"

Wakaja juu yangu wote, Otieno. Kila aliyewahi kurudishiwa samaki na mimi, mzima au mbovu, alikuwa na kesi, na mimi nilikuwa nimeiua pua yangu mwenyewe mbele ya mashahidi. Bwana Salim alinyanyua mkono, wakanyamaza. Akachukua kisu, akampasua mbuta mmoja wa Nyar Kosele tumboni hadi kwenye uti, akamwinua, akapumua kidogo, akaondoka, akafikiri.

"Huyu kalala majini usiku wa kuamkia leo," akasema. "Pakieni."

Wakapakia. Yule mvuvi mwenye kofia akaivua. Nyar Kosele alisimama na gunia lake limekunjwa nusu, akanitazama, kisha akainama akaanza kulikunjua tena. Nilitaka kushuka niende kwake. Lakini baba yako alinishika bega kabla.

"Umejiachisha kazi, unajua?" akasema. "Nani atauza kwa pua inayokosea?"

"Najua, Anko."

"Na mimi nina pua gani sasa?"

"Una Otieno. Darasa la saba, na haropoki ovyo."

Akavuta ugoro, akapiga chafya, akafikiri. Ndivyo ulivyopata kazi, binamu. Usiniambie asante.

Sasa mashauri yangu machache ya mwisho, nikiwa bado kwenye hotuba. Kamba iache ilivyo, sema ni sheria ya Anko. Shati jeupe usivae. Vitatu vikisema mzima na kimoja kikasema mbovu, rudia tena mwenye samaki akiwa mbali. Jina la mtu usilitunge hata likikuwasha ulimi; ulimi utapona, jina halifutiki haraka. Bado kuna watoto wa Muhuru wanaoliimba lile langu, na kila nikiwasikia nawafukuza na kiatu.

Jumamosi hiyo nilirudi Suna jioni. Habari zilikuwa zimenitangulia, maana aliyeleta omena sokoni alikuwepo bandani. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia yote: kreti, kamba, Bwana Salim na kisu chake, mzee wa kuku, na nikamalizia kwa trimethilamini, karnitini, ini, askari wa barabarani, sabuni isiyofika, na chakula cha kupunguza. Nilieleza vizuri kuliko Mwalimu. Nilieleza kama mtu aliyepoteza kazi kwa haki na anasubiri kupongezwa. Mama aliniacha nimalize, akaniwekea sahani, akaketi.

"Kula," akasema. "Kesho baada ya kanisa tunaenda Muhuru, mimi na wewe. Hayo ya mwalimu wako nitamwambia mimi, tukiwa wawili jikoni kwake. Na wewe utamwambia lile ulilowaambia watu wote isipokuwa yeye: kwamba ulikosea."